Wangu wa Makeri: Mgala Muue na Haki Yake Mpe

Kila mara mwanamke anapojitokeza kuwania kiti cha uongozi katika sehemu zetu za Mlima Kenya, hakosi mtu wa kulitaja jina la Wangu wa Makeri. Hutajwa sokoni, hutajwa katika mikutano ya siasa, hutajwa hata harusini pale mzee anapotaka kuwachekesha wageni. Na aghalabu halitajwi kwa heri. Jina hilo limegeuzwa kuwa onyo: tazameni yaliyotupata siku tulipomkabidhi mwanamke fimbo ya utawala! Kwa kuwa wengi wanaolitumia hawamjui mwenyewe, nimeona ni wajibu wangu kuyaeleza maisha yake kwa muhtasari, kisha msomaji aamue kama onyo hilo lina mashiko.

Wangu alizaliwa yapata mwaka 1856 katika kijiji cha Gitie, sehemu za Murang'a. Zama hizo hapakuwa na shule, barabara wala Mzungu katika miinuko ile iliyotenganishwa na mito itokayo milima ya Nyandarua. Msichana alijifunza kilimo, kutafuta kuni, kuteka maji na kutunza wadogo wake, na alipofikia umri alipitishwa jandoni pamoja na wenzake wa rika moja. Wangu alipitia njia hiyo hiyo. Aliolewa na Makeri wa Mbogo, wakaweka makao Weithaga, akazaa na kulea watoto. Lau mambo yangeendelea kama yalivyokuwa, angezeeka na kufa pasi na jina lake kuvuka mto wa pili.

Hapa naomba nizungumze kidogo kama mwanaisimu. Jina la mwanamume wa Kikuyu wa zama hizo lilimfungamanisha na babake: Karuri wa Gakure, yaani Karuri mwana wa Gakure. Jina la mwanamke aliyeolewa lilimfungamanisha na mumewe. Kiungo ni kile kile tulicho nacho katika Kiswahili, yaani hiyo silabi fupi wa, inayotuambia nani ni wa nani. Kwa kufuata sarufi, basi, Wangu alikuwa mali ya Makeri. Lakini tazama historia ilivyoipindua sarufi. Leo Makeri hajulikani kwa lolote ila kwa kuwa mume wa Wangu. Aliyemilikiwa ndiye aliyelihifadhi jina la mmiliki.

Ili tuelewe jinsi mwanamke huyu alivyofika kwenye madaraka, hatuna budi kukumbuka kwamba Wakikuyu hawakuwa na machifu. Mambo ya jamii yaliamuliwa na mabaraza ya wazee yaliyoitwa kiama, na kila mtu alipanda ngazi kulingana na rika lake. Aliyekuwako ni muthamaki, mtu aliyetangulia wenzake kwa busara na ufasaha, akawasemea. Hakurithi cheo, na waliomfuata wangeweza kuacha kumfuata. Neno muthamaki leo hutumika kwa maana ya mfalme, hata katika Biblia ya Kikuyu, lakini hiyo ni maana iliyovimba baadaye. Ilibidi neno la msemaji wa wazee livishwe taji kwa sababu lugha haikuwa na neno jingine la mtu mmoja anayeamuru wengi.

Mtu mmoja wa namna hiyo aliletwa na mchanganyiko wa njaa, bunduki na serikali ngeni. Karuri wa Gakure wa Tuthu, karibu na msitu wa Nyandarua, alikuwa tayari amesifika kwa biashara na uganga kabla ya Waingereza kufika. Mwaka 1898 alifikiwa na msafiri wa Kiingereza, John Boyes, aliyekuja kutafuta chakula cha kuuza. Boyes alikuwa na bunduki, Karuri alikuwa na watu na vyakula. Wakafanya urafiki uliomfaa kila mmoja, na maadui wa Karuri wakajua kwamba dunia imebadilika. Miaka hiyo hiyo ilipita njaa kuu pamoja na ndui, balaa ambalo Wakikuyu waliliita Ng'aragu ya Ruraya, yaani njaa ya Ulaya. Vijiji vizima vilipungukiwa na watu na mabaraza ya wazee yalidhoofika. Mwaka 1900 Waingereza wakajenga ngome mahali palipoitwa Fort Hall baadaye, ndipo Murang'a ya leo. Boyes walimkamata na kumpeleka Mombasa ashtakiwe, akaachiliwa. Karuri hawakumkamata bali walimfanya chifu mkuu. Mwaka 1902 ikatungwa sheria ya kuwatambua wakuu wa vijiji, na chini ya Karuri wakahitajika watu wa kukusanya kodi ya nyumba, kutoa vibarua wa barabara na kuhukumu kesi ndogondogo.

Miongoni mwa watu aliowachagua Karuri alikuwamo Wangu wa Makeri. Yeye peke yake ndiye mwanamke wa Kikuyu aliyeshika wadhifa huo katika enzi yote ya ukoloni. Kwa nini yeye? Masimulizi hayafichi. Karuri alipopita Weithaga katika safari zake alilala nyumbani kwa Makeri, na kati yake na mke wa mwenyeji wake pakazuka mapenzi. Msomaji wa leo huenda akakimbilia kulaani. Asisahau kwamba mila za siku hizo zilikuwa na taratibu zake kuhusu ukarimu baina ya wanarika, na kwamba jambo tunaloliita fedheha leo lingeweza kuangaliwa kwa jicho jingine. Hata hivyo sidai kwamba Makeri hakuumia. Moyo wa binadamu haukubali kila kinachokubaliwa na mila.

Ninalotaka kusisitiza ni jambo jingine. Wanaosema kwamba Wangu alipata cheo kwa mapenzi wanasema kweli, lakini wanasema nusu ya kweli. Wanaume walioteuliwa miaka hiyo walipataje vyeo vyao? Mmoja alikuwa mpagazi wa Wazungu, mwingine aliwauzia chakula, mwingine alijua maneno mawili matatu ya Kiswahili, mwingine alikuwa ndugu au rafiki wa chifu. Hakuna aliyepigiwa kura, wala hakuna aliyepitia ngazi za kiama hadi juu. Utawala ule wote ulikuwa wa upendeleo. Tofauti ni kwamba upendeleo aliopewa Wangu una jina linalowafanya watu wacheke.

Alipokwisha kukalia kiti, Wangu alitawala kwa mkono mzito. Kodi ilidaiwa kwa rupia, na watu wengi hawakuwa na rupia. Waliochelewa au kukaidi aliwafunga na kuwaadhibu. Masimulizi mashuhuri zaidi yanaeleza kwamba alipokuwa barazani hakukaa kwenye kigoda, bali aliamuru mwanamume apige magoti na kuinama, kisha akamkalia mgongoni. Picha hiyo ndiyo inayomwandama hadi leo. Mtu aliyekaliwa hasahau, na mwanawe hasahau, na mjukuu husimulia kana kwamba alikuwapo.

Sina nia ya kumtakasa. Kumkalia mwenzako mgongoni ni ukatili, awe ni mwanamke anayemkalia mwanamume au kinyume chake. Wangu aliitumikia serikali iliyowanyang'anya watu wake uhuru, na aliitumikia kwa bidii. Lakini nauliza: je, ukatili huo ulitokana na jinsia yake au na kiti chenyewe? Cheo alichopewa hakikuwa na mizizi katika jamii. Muthamaki wa kale alilazimika kuwasikiliza watu kwa sababu wangeweza kumwacha. Mkuu aliyewekwa na serikali hakuhitaji kusikiliza, maadamu nyuma yake palikuwa na askari na ngome. Mpe mtu yeyote madaraka ambayo waliotawaliwa hawawezi kuyaondoa, nawe utaona upesi jinsi tabia ya binadamu inavyobadilika. Machifu wa kiume wa enzi hiyo walijitwalia mashamba, mifugo na wasichana, wakawapeleka watu kufanya kazi bila ujira. Migongo waliyoikalia ni mingi kuliko ya Wangu, ila hawakuikalia hadharani. Na mpaka leo hakuna anayesimama jukwaani na kusema kwamba kwa ajili ya machifu hao, wanaume wasipewe uongozi tena.

Wakati huo huo imani mpya ilikuwa inaingia. Mnamo Juni 1902 wamisionari Wakatoliki wa Consolata kutoka Italia walifika Tuthu, wakapokewa na Karuri. Mwaka 1903 Waanglikana wa CMS wakafungua misheni yao Weithaga, katika eneo la Wangu. Kwa hiyo katika muda wa mwaka mmoja watu wa miinuko ile walijikuta chini ya kodi mpya, sheria mpya na Mungu aliyehubiriwa kwa maneno mapya. Mila hazikufa siku hiyo, bali ziliendelea kuishi ubavuni mwa mambo mapya, na watu wakawa wanapimwa kwa mizani zaidi ya moja.

Mizani hizo ndizo zilizomwangusha Wangu mwaka 1909. Palikuwa na ngoma iliyoitwa kibata, ngoma ya mashujaa, iliyochezwa na wanaume vijana kuonyesha ukakamavu wao. Wanawake walitazama tu. Wangu aliingia uwanjani akacheza, na inasimuliwa kwamba Karuri mwenyewe alikuwapo, na kwamba katika kucheza huko mavazi ya Wangu yalimwacha wazi mbele ya watu. Makelele yalikuwa makubwa. Kwa mila, alikuwa amevunja mwiko kwa kucheza ngoma ya wanaume. Kwa imani mpya, alikuwa ameonyesha uchi. Kwa serikali, alikuwa ameivunjia heshima kazi aliyopewa. Ni nadra mtu kupatikana na hatia mbele ya sheria tatu kwa tendo moja. Akajiuzulu.

Na Karuri je? Ngoma ile haikumpotezea kiti. Aliendelea kuwa chifu, akabatizwa mwaka 1916 kwa jina la Yosefu, na mwaka huo huo akafariki akiwa mtu wa kuheshimiwa na kanisa na serikali. Leo anakumbukwa kama mwenyeji wa Ukatoliki katika nchi ya Wakikuyu. Wangu alirudi kuwa mke na mama, na maandishi yakamwachilia mbali kiasi kwamba hayaafikiani hata kuhusu mwaka wa kifo chake: mengine yanataja 1915, mengine 1936. Tofauti hiyo ni ya miaka 21! Tunajua alivyocheza siku moja, lakini hatukuona haja ya kuandika siku aliyokufa. Ilipasa kungoja hadi mwaka 2002 ndipo Mary W. Wanyoike akatoa kitabu kidogo kuhusu maisha yake.

Penye pengo la maandishi, hekaya hujaa. Sisi tuliolelewa Kangari, baina ya migunda ya chai, tulisimuliwa kwamba hapo kale wanawake ndio waliotawala, na kwamba malkia wao alikuwa Wangu wa Makeri. Walikuwa wakali mno, kila mmoja akiwa na waume kadhaa, hata wanaume wakafanya njama. Wakakubaliana kuwapa wake zao wote mimba kwa wakati mmoja, na walipoelemewa wasiweze kupigana, wanaume wakautwaa utawala. Hekaya hii ni ya kale kweli. Jomo Kenyatta aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1938, akaiweka katika zama za mwanzo kabisa za kabila, vizazi vichache tu baada ya Gikuyu na Mumbi. Lakini Wangu aliteuliwa mwaka 1902, akiwa mtu mzima wa miaka 46 hivi, kwa amri ya chifu na kwa idhini ya Waingereza. Hakuangushwa na njama ya mimba. Aliangushwa na ngoma.

Ni kwa vipi basi mambo mawili yaliyotenganishwa na karne nyingi yakawa kisa kimoja? Jambo hili si geni kwa wanaochunguza masimulizi. Hekaya isiyo na jina hutafuta jina, na jina lenye sifa mbaya huvuta kila hekaya inayofanana nalo. Wanaume walikuwa na kisa cha kale cha kueleza kwa nini wao ndio watawala, lakini hakikuwa na ushahidi. Alipotokea mwanamke mwenye mamlaka, tena mkali, tena aliyeanguka kwa aibu, ushahidi ukapatikana. Wangu akavishwa hekaya hiyo kama koti lililoshonwa kabla yeye hajazaliwa.

Tena hekaya yenyewe ina mwisho ambao wasimulizi wengi huuruka. Baada ya kutwaa utawala, wanaume walitaka pia kuyabadili majina ya koo, ambayo yote yanatokana na binti za Mumbi. Wanawake wakakataa katakata, wakatishia kutozaa tena. Wanaume wakasalimu amri. Ndiyo maana hata leo koo za Wakikuyu ni Anjiru, Ambui, Angari, Aceera na nyinginezo, zote zikitokana na majina ya kike. Kila Mkikuyu anayejivunia ukoo wake anajivunia jina la mwanamke, hata yule anayesema kwamba mwanamke hafai kuongoza.

Wapo wanaotafuta hoja katika lugha. Husema kwamba neno muthuri, yaani mzee wa kiume, maana yake ni mwenye kuchagua, na kwamba mutumia, yaani mke, ni mwenye kufunga kinywa. Katika taaluma yangu tunajifunza kutahadhari na maelezo ya namna hii, kwani kufanana kwa sauti si uthibitisho wa asili. Hata hivyo maelezo hayo yanatufundisha kitu: yanaonyesha jinsi watu walivyotaka mambo yawe. Ama sarufi yenyewe haina upendeleo. Si Kikuyu wala Kiswahili chenye kutenganisha mwanamume na mwanamke katika viambishi vyake. Ukisema chifu amefika, hujasema kama ni bwana au bibi. Mwiko haumo katika lugha, umo katika wanaoisema.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sharti litajwe kabla sijaweka kalamu chini. Miaka 13 baada ya Wangu kuanguka, tarehe 16 Machi 1922, umati ulikusanyika Nairobi kudai Harry Thuku afunguliwe. Wanaume wazee walipoanza kutaka watu watawanyike, alijitokeza Muthoni Nyanjiru, mwanamke mwenye asili ya Weithaga ile ile, akaliinua vazi lake mbele yao kuwaaibisha kwa woga wao, akawaongoza watu kuelekea penye bunduki. Alikuwa miongoni mwa waliouawa, ambao walizidi 20. Na mnamo Machi 1992, akina mama waliokuwa wamegoma kula katika bustani ya Uhuru wakidai wana wao waliofungwa kwa ajili ya siasa walivua nguo mbele ya polisi waliowavamia. Pamoja nao alikuwapo Wangari Maathai, binti wa Nyeri, ambaye siku hiyo alipigwa hadi akazirai, na ambaye mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Wanawake hawa tunawaita mashujaa, na ndivyo ilivyo haki. Nami silinganishi ngoma ya starehe na kifo cha kupigania uhuru. Ninachosema ni kwamba kufunuka kwa mwili wa mwanamke hakuna maana moja isiyobadilika. Waliokuwa wakiangalia ndio walioamua nini ni aibu na nini ni ujasiri, na kwa muda mrefu hao waangaliaji walikuwa wanaume. Wangu alihukumiwa na macho hayo.

Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 inasema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Bunge lilipitisha miaka bila kutunga sheria ya kulitimiza hilo, hata ikafika Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Sababu zilizotolewa za kuchelewa huko zilikuwa nyingi na za kitaalamu, lakini ukienda mashinani, ukakaa na watu wakanywa chai wakalegea, hutasikia sababu za kitaalamu. Utasikia habari za Wangu wa Makeri. Jina la mwanamke mmoja, aliyeongoza sehemu moja ya Murang'a kwa miaka 7 tu zaidi ya karne iliyopita, linatumiwa kuwafungia mlango mamilioni ya mabinti ambao babu zao hawakukaliwa na mtu yeyote.

Mgala muue na haki yake mpe. Wangu alikuwa mkali, na waliokaliwa wana haki ya kulalamika. Alipenda na akapendwa mahali pasipopasa, na hilo ni lake yeye, Karuri na Makeri. Aliitumikia serikali ya kigeni, kama walivyoitumikia wanaume wote waliokuwa na vyeo kama chake. Haya yasemwe, na yasemwe kwa ukweli. Lakini asitwishwe hekaya isiyo yake, wala dhambi zake zisiandikwe katika hesabu ya wanawake ambao hawakuwapo. Na siku nyingine mtu atakaposimama kulitaja jina lake ili kumzuia binti yako asigombee, mwulize maswali mawili tu: Wangu aliteuliwa mwaka gani, na ni chifu gani wa kiume wa enzi yake aliyekuwa mpole kumzidi?